Usigeuke

Kila Jumapili, kanisani kwetu Kalamba, wakati wa maombi ukifika mama husimama na kumwomba Mungu amwonyeshe mtu aliyenitoa jicho. Hasemi kwa chuki. Anasema polepole, macho ameyafumba, na kina mama wenzake wanaitikia amina. Mimi huketi kando yake nikiomba asionyeshwe. Nimeomba hivyo tangu niliporudi nyumbani, na sijawahi kuwa mtu wa kuomba sana.

Nilikuwa mchezaji wa skwoshi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Huku kwetu skwoshi ni ile sharubati ya arusini, ya kuongezwa maji, na kwa miaka mingi watu wa sokoni walinitania kwamba nimeenda Nairobi kukoroga vinywaji. Nilicheka mbele yao, nikifika nyumbani nanuna. Mchezo wenyewe niliujua kwa sababu baba alikuwa mlinzi wa klabu ya zamani kwenye shamba la mkonge. Wenye klabu walishaondoka, wakaacha chumba kirefu cha kuta nyeupe ambamo baba alianika ndengu. Nilipata raketi moja kwenye stoo nikaanza kupiga ukuta, na nikafanya hivyo mpaka nikatafutiwa kocha mjini.

Mpira wa skwoshi ni mweusi, mdogo, wa raba, na ukishapata moto unaruka kama nyigu aliyechokozwa. Siku ya kwanza kocha aliuchukua, akafumba jicho lake, akauweka juu ya kope. Ulikaa pale barabara, kana kwamba tundu la jicho lilichongwa kwa ajili yake. Sikuipenda ile picha, na hadi leo siipendi.

"Usigeuke," aliniambia. "Mpira ukienda nyuma yako, chungulia kwa pembe ya jicho, kidevu kikae begani. Uso usigeuze. Hata nyumba ikianguka."

Sasa nieleze jambo la kwetu. Nimepewa jina la nyanya, mamake baba. Kwa hivyo mama, ambaye kwa heshima hamtaji mama mkwe wake kwa jina, hajawahi kuniita kwa jina. Huniita Mwaitu, yaani mama, kama alivyomwita nyanya mwenyewe. Na nyanya alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: ukiitwa, unageuka. Si kuitika "bee" huku umeinamia sufuria. Unaacha ulichoshika, unageuza uso wote, anayekuita akuone. Kuitika kwa mgongo kulimuudhi kuliko kuvunjiwa sahani, na kifimbo chake kilikuwa karibu siku zote. Alinifundisha mpaka shingo yangu ikawa inageuka yenyewe.

Basi nilikuwa na walimu wawili, mmoja ananiambia geuka, mwingine ananiambia usigeuke, nami niliwatii wote kwa sababu hawakuwahi kukutana ndani ya chumba kimoja. Nilicheza miaka mingi hivyo. Nilishinda, nilishindwa, nililala katika hoteli za nchi ambako sikuona chochote zaidi ya kuta nne nyeupe. Mama hakuwahi kuniona nikicheza. Kila alipotaja kuja nilipata kisingizio: mvua, mavuno, barabara mbaya. Nikisema ukweli, nilikuwa naogopa, na sikujua naogopa nini.

Mwaka alioamua kuja hakuniuliza. Alipandia gari Mukuyuni pamoja na rafiki yake wa kanisani, na nilipoingia uwanjani nikawaona wote wawili juu, kwenye roshani iliyo nyuma ya wachezaji, mama amefunga kitambaa chake cha Jumapili, rafiki ameinua simu kurekodi.  Miwani ya kukinga macho nilikuwa nimeiacha kwenye mkoba. Ilikuwa inashika ukungu wa jasho, na mtu mzima halazimishwi kuivaa. Nilitaka kurudi kuichukua. Refa akasema tuanze.

Nilicheza vizuri siku hiyo, nasema bila haya. Mama alipiga makofi mahali pasipofaa, watu wakacheka, nami nikaanza kuona raha kwamba yuko. Woga ukanitoka. Kisha mpira ukaenda kona ya nyuma, mpinzani wangu akaukimbilia, nami nikasimama katikati, kidevu begani kama nilivyofunzwa, nikimsubiri aupige.

"Mwaitu!"

Nikageuka. Uso wote.

Yule msichana niliyecheza naye alilia kuliko mimi, maskini. Daktari alieleza kwamba utando wa nyuma ya jicho la kushoto umechanika, akajaribu kuushona, ukakataa. Kazi yangu iliishia hapo. Mama alikaa kando ya kitanda akisimulia jinsi ilivyotokea: "Kamba ya kiatu yako ilikuwa imefunguka, mimi nikakuita nikuambie ufunge usianguke. Na papo hapo huo mpira ukakuja! Mtu alikuwa na wivu na wewe, Mwaitu. Si bure." Alikumbuka kwamba aliita. Hakuunganisha. Nami nikamshika mkono nikasema ndiyo mama, si bure.

Hivyo ndivyo maombi yalivyoanza.

Ile video mama alikataa kuitazama, nikashukuru, nikadhani mambo yamekwisha. Lakini mwaka huu, ndengu zikiwa zimeshavunwa, alitoka kanisani akiwa na sura ya mtu aliyekata shauri. Alikuwa amemwomba rafiki yake amtumie.

"Nataka nione nani alikuwa amekaa huko juu," alisema. "Labda huyo mtu anaonekana."

"Mama, wacha hiyo kitu."

"Niwache kwa nini? Mungu amenipea macho nione."

Aliketi kwenye kiti mlangoni, simu mkononi. Mimi nikampa mgongo, nikainama juu ya ungo nikaanza kuchambua ndengu. Sikuwa na la kufanya. Nilisikia mpira ukigonga ukuta, viatu vikilia sakafuni, makofi yake mwenyewe na watu wakicheka. Nilijiambia sauti itakuwa ndogo, hataisikia, mzee kama yeye ataangalia picha tu. Lakini siku ile ya mchezo rafiki yake alikuwa ameketi ubavuni pake, na simu ilikuwa imeishika sauti ya mama kuliko ya mtu yeyote mle ndani.

"Mwaitu!" simu ikaita.

Nikageuka. Niliacha ungo, nikageuza uso wote, kabla sijajua nimefanya nini. Nilimkuta mama amekodoa macho kwenye simu, ambako nami nilikuwa nageuka. Halafu akainua kichwa, akanitazama mimi.  

Akaizima simu, akaiweka mfukoni mwa aproni, akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata, maombi yalipofika, kina mama walimsubiri asimame. Alibaki ameketi. Na tangu hapo haniiti. Akinihitaji, hata nikiwa kule chini kisimani na magoti yakiwa yanamuuma, huteremka, ananizunguka kwa upande wa jicho linaloona mpaka aje mbele yangu, ndipo anasema.