Waya Ulioachwa Nje ya Plagi

Thobias Cornel alikuwa fundi wa boti pale Nkome, upande wa Geita wa ziwa. Mitumbwi ya mbao aliijua tangu ujana, lakini mwaka 1977 kikundi cha wavuvi kilimletea boti ya chuma iliyoliwa na kutu chini. Waliivuta nchi kavu, wakaiweka juu ya magogo, wakakodi jenereta na drili ya umeme.

Kazi ya umeme walimpa Mzee Mageni, Msukuma mtaratibu aliyekuwa fundi umeme mgodini Geita mpaka mgodi ulipofungwa. Siku ya kwanza alipigilia chuma kirefu ardhini, akakiunga kwa waya na jenereta. Waya mwingine akautoa kwenye chuma hicho, akaufunga kwenye bodi ya boti. Kisha akamwonyesha Thobias waya wa tatu ndani ya kebo ya drili.

"Huu ni waya wa ardhi. Drili ikiharibika ndani, umeme utapita hapa, fyuzi itakatika, wewe utabaki mzima."

Karibu na jenereta alikuwa Salvina, mama yake Anisia, aliyewapikia uji. Mageni akamwonyesha swichi.

"Mama Anisia, mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima hapa kwanza."

"Hata kama anakufa?"

"Hasa kama anakufa."

Thobias alicheka. Aliona mzee anatisha watu bure.

Wiki ya tatu Mageni alisafiri kwenda msibani Ngokolo, Shinyanga. Plagi ya drili ikapasuka. Thobias akapata nyingine yenye miguu miwili, akaunga nyaya mbili, ule wa tatu akauacha ukining'inia. Waya wa boti ulimzuia kupita, akaufungua pia. Drili ikazunguka vizuri tu, naye akaridhika.

Asubuhi moja baada ya mvua aliingia botini peku, maji yakimfika vifundoni. Alipobonyeza drili, mkono ukajifunga wenyewe. Alitaka kuiachia, vidole vikakataa. Alitaka kuita, ikatoka sauti ya kukoroma.

Salvina akainua macho, akamwona anatetemeka. Baadaye alisimulia kwamba miguu yake ilitaka kukimbilia botini. Akailazimisha kwenda kwenye jenereta. Akazima. Ndipo akapanda, akamkuta Thobias ameanguka kifudifudi majini, akamgeuza, akamwinua kichwa. Thobias akakohoa maji, kisha akavuta pumzi.

Mageni aliporudi, Thobias alimngoja kwa aibu, kiganja kikiwa kimefungwa bandeji. Mzee alitazama plagi, akatazama mkono.

"Vidole vinakunjika?"

"Vinakunjika, mzee."

"Mungu ni mwema."

Alifungua drili, akamwonyesha waya uliochubuka na kugusa bodi yake. Hakuutengeneza kwanza. Alifunga plagi ya miguu mitatu, akaunga nyaya zote, akailaza drili juu ya ubao mkavu, swichi yake ikiwa imewashwa, wakasogea mbali.

"Sasa washa umeme kule kwenye jenereta."

Thobias akawasha. Kikasikika kishindo kidogo, fyuzi ikakatika, basi. Alikaa chini kwenye mchanga akaitazama drili ile. Mageni akamwacha akae.

Jumapili baada ya misa Thobias na mkewe walikwenda kwa Salvina na jogoo na debe la mtama. Thobias alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Alipofika likamtoka moja tu, la Kisukuma.

"Wabeja, mama."

"Mimi nilifanya nilivyoambiwa," Salvina akajibu. "Mshukuru mzee."

"Wote wawili nawashukuru. Yeye alisema, wewe ulisikia. Mimi sikusikia."

Boti ilirudi majini mwezi wa nane. Wavuvi walimwomba Thobias awe wa kwanza kupanda. Akakataa mpaka wapande kwanza Mageni na Salvina, ambaye hakuwahi kusafiri majini maishani. Salvina alishika ukingo kwa mikono miwili, akicheka kwa woga. Thobias alikaa nyuma yao mpaka walipofika mbali na ufukwe, akiitazama migongo yao, akijisikia mwepesi.