Siku Nilipopooza Njia ya Tingi

Mashoga zangu, hili mnalolitaka nimelikataa miaka mingi, na mume wangu Mfaume akilianzisha barazani mimi huinuka nikajifanya nina chungu motoni, maana hii si aibu ya kujikwaa ukaanguka ukasimama, hii ni aibu ya mke wa mtu, mama wa watoto wawili, kulia mbele ya nusu ya Kivinje kwamba amepooza na amejikojolea. Basi leo nitalisema mwenyewe, kuliko mlisikie kwa wanaolitia chumvi (na mume wangu ndiye muuza chumvi, kwa hiyo mjue inatiwa kiasi gani).

Lilianza na kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka, nimeukalia mguu kama siku zote, niliposimama nikakanyaga chini nisikisikie kile kidole, kama ni cha mtu mwingine kimeshonewa mguuni kwangu. Mwenzangu yeyote angeutikisa mguu akaendelea na kazi. Mimi nilikaa chini palepale, kwa sababu marehemu mama yangu alianza hivyohivyo. Alinitazama siku moja akasema, "Mwanangu, kidole changu kama si changu," tukacheka, na haukupita muda upande mzima ukafa, mdomo ukaenda kombo, mkojo ukawa unamtoka asijue, na baba, aliyekuwa akimdekeza kama mtoto, akaoa mke mwingine akahamia Lindi. Mimi ndiye niliyemwosha mama mpaka mwisho. Ugonjwa ule niliujua kwa mikono yangu.

Tangu hapo sikuwa na raha. Nikibaki peke yangu najichoma kidole kwa mwiba, nakaa najiuliza kama kweli nimesikia au nimejidanganya. Nasimama kwa mguu mmoja nyuma ya nyumba kuona kama nitayumba (jirani yangu Bi Mwanaidi aliniona, akaondoka polepole). Nautazama mdomo wangu kwenye maji ya mtungi kama umeanza kwenda upande. Kope ikaanza kuchezacheza, nikasema haya, umeshafika usoni. Siku moja kwenye sala ulimi ukajikwaa katika Alhamdu, sura niliyoisoma tangu sijaota meno ya pili, nikamaliza sala natetemeka, na kule kutetemeka nako nikakuweka katika dalili.

Ningemwambia Mfaume yangekwisha, lakini kila nikifungua mdomo nilimwona baba anafunga mzigo wake kwenda Lindi. Nikaamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivi, nisimwambie. Nikamwambia nakwenda Tingi kumtazama mdogo wangu Somoe aliyejifungua, na kujifungua alikuwa amejifungua kweli, ila huko Tingi kulikuwa na mganga mmoja mwanamke aliyesifiwa kwa miguu na viuno, na huyo ndiye niliyemfuata.

Siku hizo mavumi yalikuwa mengi. Watu wa Umatumbi walikuwa wameng'oa pamba ya Mdachi, huyu Mjerumani wa bomani, na kulisemwa kwamba kuna maji ya dawa, mtu akiyanywa au akinyunyiziwa, risasi haimwingii. Mimi yale nilikuwa nayasikia kwa mbali. Mtu anayesikiliza kidole chake mchana kutwa hana nafasi ya kusikiliza vita.

Mganga aliubonyeza mguu wangu, akachemsha mizizi na pilipili nyingi, akanitilia katika kibuyu kidogo, akaziba kwa gunzi, akasema ni dawa ya kuchua, nisithubutu kuinywa. Nililala kwa Somoe. Asubuhi ikaja habari kwamba huko juu nyumba zimechomwa na Wadachi wametoa askari njiani, shemeji akaniambia nirudi mapema kabla njia haijafungwa, nikatoka na wenzangu waliokuwa wakikimbilia mjini.

Karibu na kuingia Kivinje tukawakuta askari. Wamepanga watu msitari juani, wanafungua mizigo mmoja mmoja. Mbele yangu alikuwa mwanamume mmoja wa Kimatumbi, mtu wa makamo, ana tenga la kuku na kibuyu cha maji ya kunywa. Askari akakinusa kile kibuyu, akamwuliza maji haya ya nini, akajibu ya kunywa, akapigwa kofi, akaulizwa tena, akajibu vilevile, akafungwa mikono kwa kamba. Kuku wakaachiwa wakatawanyika na hakuna aliyewafuata.

Mashoga, pale ndipo nilipokumbuka nimebeba nini. Kama ningekuwa na akili ningekitupa kichakani, lakini askari alikuwa amegeuka ananitazama, nikakiteremsha polepole kutoka kwapani nikakipachika kiunoni ndani ya kanga, nikaibana kanga juu yake, nikasimama kama mtu mwema.

Nilikuwa namwomba Mungu anipitishe tu, nisihukumiwe kwa maji ya mguu. Mara nikasikia ujotojoto unashuka pajani. Nikatazama chini, maji yananitiririka mpaka kwenye kisigino. Na wallahi, kibuyu kilinitoka kabisa katika fikra, kilichonijia ni kitanda cha mama na matandiko yake. Nikasema moyoni, ndiyo huu, umefika, mkojo unanitoka na mimi sijui. Kisha yale maji yakaanza kuwaka, moto wa kweli, paja lote. Mguu ukanilegea (au niliulegeza mwenyewe, mpaka leo sijui), nikaanguka chali barabarani na kupiga kelele, "Jamani nimepooza, nimejikojolea! Mwambieni Mfaume asiwatupe wanangu!" Nikaanza kupiga shahada.

Watu walicheka, wengine walinihurumia. Bi Mwanaidi, ambaye sikujua kama naye yumo katika msitari ule, akaja na mwanamke mwingine kunisitiri, wakaniinua kwapani, na kibuyu kikateleza kutoka katika kanga, kikabiringika mpaka kwenye mguu wa askari.

Kicheko kilikatika. Bi Mwanaidi aliniachia mkono, na simlaumu.

Tulipelekwa bomani mimi na yule Mmatumbi, tukiongozana, watu wakitufuata nyuma. Nililia njia nzima. Nilikuwa nasema na nafsi yangu kwamba mguu umekufa, na sasa na mimi nakwenda kufa. Yule bwana, mikono yake nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mguu wako mzima. Unatembea mbele ya askari."

Nikatazama. Kweli nilikuwa nimewatangulia.

Akida alikuwa amekaa barazani, na nyuma yake Mdachi mmoja anaandika. Nikamwamkia akida shikamoo, hakuitikia. Akaniuliza nani amenipa maji na wangapi wamekunywa. Nikaeleza yote, kwa sauti, mbele ya mji: kidole, mwiba, kusimama kwa mguu mmoja, mdomo kwenye mtungi, mkojo wa mama yangu. Jina la mganga tu ndilo nililosema nimelisahau. Katikati ya maelezo nikamwona Mfaume, amekuja mbio na unga wa chumvi mikononi, anasikia kwa mara ya kwanza ugonjwa wa mkewe pamoja na watu wote.

Akida akasema, "Kama ni dawa, kunywa."

Nikasema si ya kunywa, bwana, ya kuchua, ina pilipili. Akanisukumia kibuyu. Nikayanywa yaliyobaki. Koo liliwaka, machozi na kamasi vikatoka pamoja, nikakohoa mpaka nikakaa chini, askari wakaangua kicheko. Akida akachovya kidole, akaonja, akatema. Akasema maneno mawili matatu kwa Mdachi, naye akapunga mkono bila kuinua kichwa, kama anafukuza nzi. Nikaambiwa nitoke.

Nilipita karibu na yule Mmatumbi. Nilitaka kumwambia akida kwamba maji ya huyu nayo ni ya kunywa tu, nilimsikia mwenyewe akisema, lakini koo halikutoa sauti. Nimejiambia mara nyingi kwamba ni pilipili.

Mfaume alinifuata mpaka mlangoni. Akasema, "Mimi si baba yako." Akaingia ndani kunitekea maji ya kuoga.

Nilimtuma kesho yake apeleke chakula bomani kwa yule bwana. Alirudi nacho, kawa haijafunuliwa, akakitua jikoni akaniambia nisiulize. Hata jina lake hatukulijua, tukamsomea hitima hivyohivyo, bila jina.

Kwa hiyo mnicheke, haki yenu. Ganzi bado hunijia nikikalia mguu, na hofu nayo haijaniacha. Ila siku hizi nikiisikia namwita Mfaume hapohapo, hata akiwa na wageni, namwambia mume wangu, naogopa.