Kosa Lisilowezekana

Mucheke tu, sioni haya. Nilikuwa asistanti wa chuo kikuu hapa Bukavu, nikitafiti namna ya kuandika programu za kompyuta zisizokwama. Siku ya kuwaonyesha maprofesa kazi yangu, nilijigamba: "Hii haikwami. Mutu yeyote ajaribu!"

Maman Furaha, daktilo wetu, mpiga chapa wa ofisi, akaketi. Mashine ikauliza pointi za mtihani za mwanafunzi mmoja; akaandika, badala ya namba: "Hakukuja." Programu ikakwama palepale.

Nikaziba ekrani ya mashine kwa mgongo. Nikalaumu umeme, kisha nikamulaumu maman.

"Miye niliandika kweli tu," akajibu. "Ule mutoto hakukuja ku examen."

Profesa mmoja akanisogeza, akasoma kwa sauti maneno yaliyotokea kwenye ekrani, niliyoyatia mwenyewe ndani ya programu: "Kosa hili haliwezekani."

Wakacheka hadi machozi. Sikuinamisha kichwa.

"Citoyen Professeur, sasa ndiyo nimeanza utafiti. Maman, ikwamishe tena!"