Maji Matamu ya Jilore

Nilikwenda Jilore kuokoa nafasi yangu. Bwana Athumani, kocha wetu wa pale Shella, alikuwa akichagua wakimbiaji wa kwenda Kilifi kwenye mashindano ya wilaya, na mimi mara mbili misuli ilinikaza njiani nikarudishwa kwa gari. Yeye aliiita misuli hiyo mivivu, na chumvi alikuwa ametukataza sote. Akaniambia, "Jumamosi utakwenda Jilore na kurudi kwa miguu yako. Ukipanda gari, basi tena. Ukifika kwa shemeji yangu Mama Kadzo, muombe maji matamu."

Mimi ni Mkamba, mfua mashuka wa hoteli, na mwaka ule wa themanini na nne nilikuwa mgeni Malindi. Kwangu kitu kitamu ni kilichotiwa sukari. Nikafurahi kwelikweli.

Saa moja asubuhi nikatoka mbio. Hadi Ganda nilikuwa naimba. Baada ya hapo mchanga ukaanza kunivuta visigino, na jua la kaskazi si jua la kwetu Machakos, hili linakukamua. Nikalamba midomo: chumvi. Fulana yangu nyeusi ilikuwa na mistari myeupe. Nikajiuliza, chumvi yote hii ikitoka, ndani inabaki nini?

Saa tatu hivi nikafika Jilore. Mama Kadzo alikuwa akipukuchua mahindi.

"Shikamoo mama. Nimetumwa na Bwana Athumani. Naomba maji matamu."

"Marahaba mwanangu. Yapo tele."

Akanichotea mtungini. Nikaonja: maji tu. Nikadhani sukari imewaishia, haya zikanifunga mdomo. Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi siku ile nilichagua ujinga. Nikanywa kata sita, nikitumaini labda sukari imezama chini. Tumbo likajaa, kichwa kikazunguka, na nilipoinuka mguu ukakaza nikaangukia mahindi yake. Niliogopa, sifichi. Niliiona Kilifi ikinipita.

"Kwani ulitaka nini?" akauliza.

"Yenye sukari, mama."

Alicheka mpaka akaketi. "Matamu ni yasiyo ya chumvi! Kisima cha huko chini kina chumvi, ndiyo maana akakutuma kwangu." Kisha akaikwaruza fulana yangu kwa ukucha, kicheko kikamkatika. "Lakini wewe chumvi ndiyo iliyokutoka, nami nakujaza maji matupu."

Akapima lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kama alivyofundishwa zahanati mwanawe alipokuwa akiharisha. Akaonja. "Chumvi isizidi ya chozi. Ikizidi, mwaga." Nilitaka kuyagugumia, akanishika mkono. Nikanywa kidogo kidogo, nikala muhogo wa chumvi, nikalala. Hakuniachia mpaka alasiri.

Njia ya kurudi nilikimbia mdogo mdogo, kwingine nikitembea, chupa ya Mama Kadzo mkononi. Sikupungia gari hata moja.

Bwana Athumani alikuwa barazani na saa yake. "Umechelewa mno," akasema. Nikamweleza yote, hata lile ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: kwamba misuli yetu haikuwa mivivu, yeye ndiye aliyekuwa akitunyima chumvi. Akatoa karatasi ya majina na penseli, nikajua ananifuta. Akaigeuza karatasi upande mtupu.

"Sema polepole," akasema. "Chumvi, kijiko kizima au nusu?"