Siku ya Tatu Mlimani

Siku ile walikuwapo Baba Mdogo Hamza. Mkewe, Mama Nasra. Binti yao Nasra, aliyelingana nami kwa umri. Bwana Seif, rafiki yao mfanyabiashara wa Raskazone. Na sisi watatu wenye nyumba: mimi Zaina, mdogo wangu Yusufu na kitinda mimba wetu Mwanahawa. Nawataja wote kwa sababu baadaye, habari ilipofika kwenye kikao cha ukoo, watu wazima waliotoka mjini walidai hawakusikia vizuri kilichosemwa mlangoni. Walisikia. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, palikuwa kimya, na harufu ya iliki iliyokuwa ikikaushwa jikoni ilijaa nyumba nzima. Watu wa mjini huivuta harufu ile wakiwa wamefumba macho, wakisema hii ndiyo raha ya mlima. Mimi ilinikwaruza koo, maana kila walipokuja tulilala jikoni, kando ya majamvi ya iliki, ili wao wapate chumba cha marehemu baba.

Chumba kile kilikuwa na dirisha, na dirisha lile ndilo lililotuponza. Ukilifungua asubuhi ya anga safi, unaliona bonde lote la Muheza, mistari ya mkonge imenyooka kama nywele zilizosukwa, na mbali kabisa uzi mwembamba wa bahari. Baba alilitoboa ili aone mvua inapotokea. Alipokufa, na mama akamfuata mwaka uliofuata, Baba Mdogo aligundua kwamba ndugu yake aliacha mahali pazuri pa kupumzikia. Alianza kuja kila Jumamosi, gari limejaa mito, redio na vyupa vya soda, akaondoka Jumapili alasiri kabla ukungu haujashuka barabarani. Alituletea mikate. Tulimchinjia kuku. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Kwetu mgeni alikuja na mwenyeji akakonda. Mimi niliteka maji ya kuoga bondeni kwenye chemchemi, nikayachemsha, na Jumatatu nikafua mashuka. Mama Nasra alizoea kusimama dirishani na kikombe cha chai, akatuambia tuna bahati, mandhari kama hii wenzetu wanalipia. Yatima hadeki, na mandhari hailiwi.

Shule nilikwisha kuiacha, darasa la sita. Sikufukuzwa na mtu. Shamba lilikuwa moja na mikono ilikuwa yangu. Lakini niliapa juu ya kaburi la mama kwamba Yusufu na Mwanahawa hawatafuata njia hiyo, hata nile udongo. Hivyo wao walishika jembe siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, na siku hizo ndizo alizotunyang'anya Baba Mdogo. Masika ya mwaka ule yalianza kwa nguvu. Majirani walikuwa wameshapanda, na sehemu kubwa ya shamba letu ilikuwa bado nyasi. Nilijua kwamba wiki ile ikipita bila mbegu kuingia ardhini tungekula deni la njaa mpaka vuli, na Yusufu angetoka darasani kwenda kufanya kibarua cha kukata mkonge. Nilimwambia Baba Mdogo hivyo, kwa adabu, baada ya shikamoo, akiwa hata hajashuka garini. Alinipiga begani akasema shamba halikimbii, kisha akamwonyesha Bwana Seif mahali pa kupigia picha.

Jumapili mchana mlima ulimeguka. Udongo uliporomoka kwenye kona ya mtoni, ukaifunga barabara, na gari likarudi uani limepakwa matope mpaka vioo. Chakula walichokuja nacho kilikuwa kimekwisha. Nilikwenda chemchemi kama kawaida, na niliporudi nilikuta chungu kinatokota. Mama Nasra alikuwa amemwamuru Mwanahawa atungue kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga, kile nilichokiweka kwenye moshi ili wadudu wasitoboe maharage. Yalikuwa mbegu. Mwanahawa alilia akamwambia, naye akasema maharage ni maharage. Nilisimama na ndoo kichwani nikiyatazama yakipasuka. Walikula, wakasifu kwamba maharage ya mlimani yana utamu wake. Baba Mdogo alisema atatuletea mengine kutoka sokoni. Sikuonja hata punje.

Kulipopambazuka Jumatatu, niliyatoa majembe yote, yale yetu na mawili niliyoazima kwa jirani, nikayaegemeza ukutani kando ya mlango wa mbele, mipini juu. Mama Nasra alitoka wa kwanza, amejitanda khanga, akauliza majembe haya ni ya nani.

"Ya wageni, mama mdogo," nilisema. "Leo ni siku ya tatu."

Bwana Seif alicheka akidhani ni utani wa watani. Alipoona sicheki, akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa. Baba Mdogo alikuja na shati mkononi.

"Mgeni mimi? Nyumbani kwa kaka yangu?"

"Kama si mgeni, baba mdogo, basi jembe ulistahili kulishika tangu juzi."

Alilitazama jembe lililokuwa karibu naye, akalinyanyua, kwa kitambo kidogo nikadhani atakwenda nalo shambani. Alilitupa kwenye korongo. Akasema mtoto aliyekosa wazazi hukosa na adabu, na kwamba tutamkumbuka. Waliteremka kwa miguu, viatu vya mjini vikizama kwenye matope. Gari lilifuatwa baadaye na fundi. Ni Nasra peke yake aliyekuwa ameshachukua jembe bila kuambiwa. Alichimba mstari mmoja, umepinda kama njia ya kondoo, kabla mama yake hajamvuta mkono. Mahindi yaliota katika mstari ule. Yeye simdai.

Siku ile niliwazuia wadogo zangu kwenda shule, siku hiyo tu, tukapanda mpaka tukaacha kuhisi migongo. Mwaka ule tulikula ugali kwa mchicha pori na chumvi, maharage tukayaona kwa majirani. Kwenye ukoo nilipewa jina la mtoto aliyemfukuza baba yake mdogo. Nililibeba. Maharage ya sokoni hayajafika mpaka leo.

Sasa barabara yetu inapitika, na kila mwisho wa wiki mlima unajaa watu kutoka Tanga na Dar es Salaam. Wanapiga hema, wanainua simu zao kulipiga picha bonde lile lile, na wanaondoka Jumapili. Hao sigombani nao, hawakuniita mwanao. Yusufu ni mwalimu huko Usagara, Mwanahawa ni muuguzi. Watoto wa Yusufu wakishuka garini Jumamosi hutafuta majembe kwanza, dirisha baadaye. Hivyo ndivyo ninavyopima miaka: kwa mikono inayoshuka garini.

Juzi Nasra alinipigia simu. Baba yake amestaafu, kifua kinamsumbua kwa joto la pwani, daktari amemwambia atafute hewa ya baridi. Anaomba chumba chenye dirisha, na safari hii si kwa Jumamosi na Jumapili. Nasra alisema haya kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua anabisha hodi mlango gani. Nilimwambia amlete. Nitamtandikia kitanda cha baba, nitamchemshia maji, maana mimi si yeye. Lakini lile jembe nililifuata korongoni jioni ile ile, na juzi baada ya simu nililitia mpini mpya, mwepesi, wa kumfaa mzee. Lipo nyuma ya mlango. Siku zake mbili alikwisha kuzila zamani, tena mara nyingi. Akifika, kwangu atakuwa anaanzia ya tatu.