Nilivyowatwangisha Wazungu kahawa kwa maneno yao wenyewe

Wakuu, wa kuamkiwa shikamooni, wengine mambo vipi. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, huku Nkoaranga, na majina nataja. Atakayeumia aje inbox.

Shule niliishia la nne. Mwalimu Anaeli alinichapa kwa kusoma "knife" kama ilivyoandikwa: ki-ni-fe. Sasa hiyo K imewekwa pale ya nini, urembo? Darasa zima likaniita Kinife. Sikurudi tena.

Tuje kwenye kisa.

Tuna kikundi cha kahawa, wengi wetu wamama. Wageni wanakuja kuona kahawa, tunawapokea kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na mwenye zamu ndiye analipwa. Yangu ikawa inarukwa kila siku. Mwenyekiti ni Elisante, mdogo wa marehemu mume wangu.

"Shemeji, Kiingereza utakitoa wapi? Utatuaibisha."

Nikasimama kikaoni, nikadai zamu yangu mbele ya wamama wote. Wakanipa zamu moja ya majaribio. Nikiharibu, natolewa moja kwa moja. Na kwa mjane, zamu ndiyo mboga, ndiyo sabuni.

Siku ikafika. Wageni wenyewe Waingereza wazee, wake kwa waume. Elisante naye huyo, kakaa kwenye kiti changu, anasubiri kucheka.

Nikakaanga kahawa, nikamimina kinuni. Sasa kwetu kinu hakitwangwi kimya. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, michi isigongane. Na nyimbo zetu hawazijui.

Nikasema liwalo na liwe. Nikainua mchi: "Ki! Ni! Fe!"

Bibi mmoja akauliza ni neno gani hilo. Nikamwonyesha kisu.

Alicheka mpaka akashikilia mgomba! Akasema zamani sana mababu zao waliitamka kweli hiyo K. Ndimi zikaja kuchoka, herufi ikabaki.

Na aliyenitafsiria ni Elisante. Kwa mdomo wake mwenyewe!

Basi wakashika michi, wakaanza kuleta maneno yao. Queue, yaani foleni, wao wanatamka kama herufi moja tu, Q, lakini kinuni tukaitwanga yote: "Ku! E! U! E!" Mara colonel, yaani kanali, ambayo wao wanasema "kenel": "Ko! Lo! Nel!" Kahawa ikawa unga, majirani wamejaa uani.

Kikao kilichofuata wamama wakaamua: zamu yangu inarudi, na mgeni wa nyumba yoyote, kutwanga anakuja kwangu. Elisante alinyoosha mkono wa mwisho, lakini alinyoosha.

Funzo: ukinyimwa haki yako, idai mbele za watu, usiidaie jikoni.

Haya, nyie wenzangu neno gani la Kiingereza liliwatoa jasho? Leteni hapa tulitwange.