Edson wa Wifi Yangu

Herman ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, lakini siku alipomvunja mkono wifi yangu Gaudensia nilimchukia kuliko mtu yeyote.

Gaudensia anafundisha darasa la nne hapa Endagikot. Huu ni mwaka wa pili anajifunza Kiesperanto kwenye simu, lugha iliyotungwa na mtu mmoja ili mataifa yaelewane. Akimenya viazi husoma sentensi zake kwa sauti, nami humtania kwamba anaongea na sufuria.

Jumamosi ile alikuwa jikoni akirudia sentensi moja: "Mi amas mian edzon." Herman alitoka shambani, jembe begani, akasimama mlangoni kusikiliza.

"Huyo Edson ni nani?"

Hakungoja jibu. Alimpiga mpini wa jembe mgongoni, akaongeza, na wifi alipoinua mkono kukinga kichwa, mfupa ulivunjika kwa mlio niliousikia nikiwa uani kwangu. Nilipofika, viazi vilikuwa na damu. Herman alikuwa juu yake, anamkaba, anafoka, "Mtaje Edson." Nilimng'ata kaka yangu sikio mpaka akamwachia. Sijutii.

Tulimpeleka hospitali ya Haydom, wakamfunga plasta, wakamlaza. Siku ya tatu Herman akaja na uji kwenye chupa ya chai, macho chini.

"Mama Evelyne, nisamehe. Ila niambie tu, Edson ni nani."

"Ni wewe," Gaudensia akasema. "Edzo ni mume. Nilikuwa nasema nampenda mume wangu."

Herman akakaa sakafuni, akalia. Nilifurahi kumwona analia, nasema kweli.

"Ngoja nimalizie somo," wifi akaendelea, kwa ile sauti yake ya darasani. "Aliyetunga lugha hiyo alianza na edzino, yaani mke. Alilimega kutoka neno refu la mke wa mwana wa mfalme. Baadaye akaondoa kipande cha kike, kilichobaki kikawa edzo. Mke alitangulia, mume akakatwa kwake."

"Sijaelewa, mama Evelyne."

"Nilikuwepo kabla yako, Herman. Nikitoka hapa naenda Dongobesh kwa baba yangu, na mwanetu Evelyne nitamchukua."

Herman akanigeukia mimi, dada yake, nimwombee. Nilichukua ile chupa ya uji nikamrudishia mkononi.